Mbwa Mlangoni, Mbaazi Mezani: Kipi cha Asubuhi Apewe na Kipi Anyimwe

Ukiuliza kama mbwa anaweza kula mbaazi, utapata majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yana ukweli ndani yake. Mbaazi zilizochemshwa kwa maji matupu hazimdhuru mbwa. Mbaazi za nazi, zile za kuliwa na mahamri, zinaweza kumdhuru, na kosa si la mbaazi. Ni la kitunguu, la tui zito lililomiminwa mwisho, na la chumvi.

Mapishi ya pwani ni mapishi ya kuunga. Kitu kimoja kisafi huingia chunguni, kikatoka kimebeba vitu sita au saba. Ndiyo maana orodha za "mbwa ale hiki, asile kile" zinazozunguka mtandaoni, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa ajili ya meza za Ulaya na Marekani, hazimfai sana mwenye mbwa wa Malindi. Humo hamna viazi karai, hamna ukwaju, hamna machicha ya nazi yanayomwagwa nyuma ya nyumba. Anayetaka kumlisha mbwa wake salama aanze kwa kutazama kilichotiwa ndani ya chungu, na chakula kilikuwa kimefika hatua gani kilipoondolewa motoni.

Vipimo vya humu vimehesabiwa kwa mbwa wa kilo 15, uzito wa kawaida wa mbwa wa kienyeji anayelinda nyumba katika mitaa ya Malindi kama Maweni, Barani au Majengo. Wako akiwa wa kilo 5, gawanya kwa tatu. Kumjua uzito si kazi kubwa: panda mizani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa. Asiyebebeka anaweza kupimwa kwenye mizani ya magunia dukani. Fanya hivyo leo, kwa sababu siku ya sumu swali la kwanza la daktari ni hilo.

Kitunguu kwanza

Katika jiko la pwani hakuna kitu kinachostahili kuogopwa zaidi ya kitunguu, kwa kuwa kimo karibu katika kila chungu na madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo. Ndani yake mna kemikali zenye salfa ambazo mwili wa mtu unazimudu, lakini mwili wa mbwa hauziwezi. Zikiingia kwenye damu huzishambulia chembe nyekundu. Chembe hudhoofika, zikapasuka, na mbwa akaishiwa damu akiwa amesimama pale pale mlangoni.

Moto hauziondoi kemikali hizo. Kitunguu cha kuchemsha, cha kukaanga mpaka kikawa kahawia, cha kukausha na cha kusaga vyote vina sumu ile ile. Cha unga, kile kinachotiwa kwenye soseji, viungo vya pakiti na supu za haraka, ni kikali zaidi kwa kila gramu kwa sababu maji yake yametoka. Kitunguu saumu ni wa ukoo mmoja, na gramu yake ina nguvu kuliko ya kitunguu maji.

Kiasi kinachojulikana kuleta sumu kwa mkupuo mmoja ni kitunguu chenye uzito unaopita nusu ya asilimia ya uzito wa mbwa. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni gramu 75, na kitunguu kimoja cha wastani cha sokoni kina gramu 100 hivi. Basi kitunguu kimoja kizima kinatosha. Lakini mbwa wengi wa hapa hawali kitunguu kizima. Hulamba sufuria ya mbaazi Jumatatu, wakapewa kimanda kilichobaki Jumanne, mchuzi wa maharagwe Jumatano. Chembe zilizoharibiwa leo hazijarudishwa kesho, na madhara hujilimbikiza.

Dalili huchukua siku 2 hadi 5 kutokea: unyonge, kuhema bila kukimbia, kukataa chakula, mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, fizi nyeupe au zenye umanjano. Hapo ndipo watu wengi hupotea njia, kwa sababu dalili hizo hizo ni za homa ya kupe, na kupe pwani hawana msimu. Mbwa huchomwa sindano ya kupe, na hakuna anayeuliza alikula nini jikoni. Ukimpeleka kwa daktari akiwa na mkojo mwekundu, mwambie alichokula wiki nzima, hata kama hukuulizwa. Kipimo cha damu chini ya hadubini kinaweza kutofautisha viwili hivyo.

Na ujizoeze kuangalia fizi zake akiwa mzima. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe, achilia. Rangi ya waridi inatakiwa irudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Wengine wana fizi nyeusi kwa asili. Kwa hao, vuta kope la chini uone wekundu wa ndani. Asiyejua fizi za mbwa wake zikoje siku ya uzima hataziona zikibadilika.

Toa fungu lake kabla ya kuunga

Hili ndilo linalotatua nusu ya tatizo. Mbaazi kavu hulowekwa usiku, asubuhi huchemshwa mpaka zikaiva kabisa. Zikishaiva, kabla ya chumvi, kabla ya kitunguu, kabla ya tui, chota vijiko vitatu vya mezani, zipondeponde, ziweke pembeni zipoe. Hilo ni fungu la mbwa. Kinachobaki endelea kukiunga upendavyo. Kama hajazoea kunde na mbaazi, anza na kijiko kimoja kwa siku tatu, maana zitamjaza gesi. Zilizoiva nusunusu usimpe. Maharagwe mekundu ni mabaya zaidi yakiwa hayajaiva: yana sumu inayochafua tumbo la mtu na la mbwa, na hiyo huisha kwa kuchemka kikweli, si kwa kufukutwa kwenye moto wa chini.

Utaratibu ni huo huo kwa yai, muhogo, viazi na samaki. Yai la mbwa lichemshwe peke yake au likaangwe kwenye kikaango kikavu kabla hujakata kitunguu na nyanya za kimanda. Kipande cha samaki kitokoswe kabla ya ndimu, chumvi na kitunguu saumu.

Nyumba nyingi za Waislamu hapa zina mbwa wa ulinzi anayekaa nje, na chombo chake hakichanganywi na vyombo vya watu. Utaratibu huo una faida kwa afya yake pia. Fungu linatoka chunguni likaenda moja kwa moja kwenye bakuli lake, na hakuna sufuria ya kulamba wala sahani ya makombo ambayo hakuna anayejua mna nini. Kinachobaki ni kumwambia kila anayemlisha. Mara nyingi mwenye nyumba anajua, mpishi anajua, lakini askari wa usiku anayemgawia mbwa nusu ya kiamshakinywa chake saa kumi na mbili hajaambiwa na mtu.

Donge la mahamri

Hamri lililokwisha kukaangwa lina ngano, sukari, mafuta, tui na iliki kidogo. Si sumu. Ni chakula kibaya kwa mbwa, lakini kipande hakitamuua. Kinachoua ni donge bichi.

Donge hukandwa jioni kwa hamira, sukari na tui la uvuguvugu, likafunikwa kwa kitambaa likaachwa liumuke hadi alfajiri. Mbwa akilifikia atalimeza kwa mafumba makubwa. Joto la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kitu, na hilo ni joto ambalo hamira hulipenda mno. Basi donge huendelea kuumuka ndani ya tumbo. Tumbo hutanuka, hubana pumzi, huzuia damu kurudi moyoni, na kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu linaweza hata kujipinda. Papo hapo hamira inaigeuza sukari kuwa pombe, na pombe hiyo inaingia kwenye damu. Utamwona anayumba, anatapatapa kutaka kutapika na hakitoki kitu, tumbo limekaza. Baadaye analegea na mwili unapoa.

Hii ni ya kukimbia nayo kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa za usiku. Usijaribu kumtapisha, kwa kuwa donge lililovimba halipandi tena kooni na unaweza kumsababishia kupaliwa. Daktari huosha tumbo kwa maji baridi ili hamira izimike, na akihitaji hupasua. Kinga yake ni rahisi: bakuli la donge liingie kabatini au ndani ya oveni isiyowashwa, si juu ya meza ya uani. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vivyo hivyo, kwa sababu rojo lake linaumuka kwa hamira. Chapati haina hamira, kwa hiyo donge lake halina hatari hii.

Zabibu, na ndugu yake asiyetazamiwa

Kwamba zabibu mbichi na kavu huua figo za mbwa limejulikana kwa miaka mingi, lakini sababu ilikuwa fumbo. Mbwa mmoja angekula konzi asipatwe na kitu, mwingine akala chache akafa. Mwaka 2021 madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia sumu za wanyama walitaja mshukiwa: asidi ya tatariki. Walifika hapo baada ya kumchunguza mbwa aliyekula unga wa kuchezea watoto uliotengenezwa nyumbani kwa krimu ya tatari, yaani unga wa kuokea unaotokana na asidi hiyo, akapata maradhi ya figo yanayofanana kabisa na ya zabibu. Kiwango cha asidi hiyo hubadilika kutoka zabibu moja hadi nyingine, jambo ambalo linaeleza kwa nini madhara yake hayatabiriki. Ripoti zilizofuata ziliongeza tunda jingine kwenye orodha, nalo ni ukwaju.

Kwa mtu wa Malindi habari hiyo ni kubwa kuliko ya zabibu. Zabibu hapa huingia katika mkate wa sinia, katika biriani na pilau za watu fulani, na katika ile mikate mitamu ya Krismasi ambayo Waitaliano wa hapa huiita panettone. Ukwaju uko kila mahali. Asidi ya tatariki ndiyo inayoupa ukali wake, na imo kwa wingi kuliko ndani ya zabibu. Ndio unaomwagiwa viazi karai na bajia asubuhi, ndio juisi ya mchana, ndio makapi na kokwa zinazobaki kwenye kichujio zikatupwa uani zikiwa tamu kwa sukari. Mbwa hupenda kitu kitamu. Makapi hayo yafungwe kwenye mfuko yaingie pipani lenye kifuniko.

Kipimo salama cha ukwaju kwa mbwa hakipo. Kwa zabibu kavu, madhara ya figo yameripotiwa kuanzia karibu gramu 2.8 kwa kila kilo ya mbwa, yaani gramu 42 hivi kwa mbwa wetu wa kilo 15, na hizo ni konzi moja tu ya mkono. Lakini kwa vile tunda moja halilingani na jingine, usilitumie hesabu hilo kujipa ruhusa. Mbwa aliyekula huanza kutapika ndani ya saa 24, mara nyingi mapema zaidi. Anaacha kula, analala. Kati ya siku ya 1 na ya 3 figo zinaanza kugoma, na mkojo unapungua au unakatika kabisa. Akitundikiwa maji ya mshipa mapema, kabla figo hazijagoma, wengi hupona. Mkojo ukishakatika, matumaini huwa madogo.

Mafuta, tui na machicha

Tui la kwanza, lile zito, lina mafuta zaidi ya asilimia 20. Ongeza samli ya chapati, mafuta ya mahamri, ya viazi karai, ya sambusa. Hakuna sumu hapo, ila kuna kongosho, kile kiungo kinachotoa maji ya kusaga chakula. Mlo mmoja wa mafuta mengi unaweza kuliwasha kongosho la mbwa hata likaanza kujimeng'enya lenyewe. Mbwa aliyepatwa hutapika tena na tena, hataki kuguswa tumbo, na mara nyingi utamwona ameinamisha miguu ya mbele chini huku ameinua nyonga, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Dalili huja siku hiyo au siku moja mbili baadaye, na ni maumivu makali sana. Asubuhi baada ya harusi au Idi, mabakuli ya mafuta yakiwa wazi uani, ndiyo asubuhi ya hatari.

Machicha ya nazi yana sura ya kitu kisicho na madhara kwa sababu tui limekamuliwa. Bado yana mafuta, yana nyuzinyuzi nyingi, na kwa joto la Malindi huchacha kabla ya adhuhuri na kuota ukungu kesho yake. Machicha mabichi ya dakika hizo, kijiko kimoja, hayana neno. Yaliyolala jalalani ni ya kuzikwa.

Kikombe

Chai ya maziwa iliyobaki kikombeni haitamuua mbwa wa kilo 15. Kafeini huanza kumsumbua ikifika karibu miligramu 20 kwa kilo, kwa huyu wetu miligramu 300, na kikombe kikubwa cha kahawa huwa na 80 hadi 100. Kuna hatari zaidi katika kitu kikavu. Majani makavu ya chai yana kafeini asilimia 2 hadi 4 ya uzito wake. Gramu 10 zilizomwagika na kulambwa zinaweza kutosha kuanza kumsumbua, na zikizidi huleta kutetemeka, kuhangaika na moyo kwenda mbio. Kahawa ya kuyeyuka ni vivyo hivyo. Mashapo ya kahawa kutoka mashine za mahotelini, yanayotupwa kwa ndoo, yasimwagwe mahali mbwa wanapopita.

Kakao ina theobromini, jamaa ya kafeini ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno, inachukua karibu saa 18 kupunguza nusu tu. Unga mtupu wa kakao ndio mkali: vijiko vitatu vya mezani, gramu 15, vinatosha kuanza kumwumiza mbwa wetu. Chokoleti ya maziwa ni hafifu mara kumi hivi, lakini nyeusi isiyo na maziwa ni kali kuliko hiyo.

Maziwa matupu hayana sumu. Mbwa wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kusaga laktosi, sukari iliyomo ndani ya maziwa, na kinachofuata ni kuhara. Mtindi au maziwa ya mala yasiyotiwa sukari yanamfaa zaidi, vijiko viwili vitatu.

Muhogo, viazi, na unga wa "mbwa tu"

Muhogo ndio kiamshakinywa cha nyumba nyingi za Kilifi. Mbichi una kemikali zinazozaa sayanidi, na nyingi ziko kwenye ganda. Umenye mpaka ganda la ndani la waridi litoke lote, ukate vipande vidogo, uchemshe kwa maji mengi bila kufunika, umwage maji. Hapo mbwa apewe vipande viwili, bila nazi. Maganda yasirundikwe anapofika. Mbuzi wanaokufa kwa maganda ya muhogo ni habari inayojulikana vijijini, na mbwa mwenye njaa hutafuna kilichopo. Kiazi chenye ukijani au kilichochipua kitupwe kizima. Viazi vitamu vya kuchemsha ni chakula kizuri sana kwake.

Sasa unga. Kuna mazoea mabaya ya kununua mahindi yaliyoharibika kwa bei nafuu "kwa ajili ya mbwa tu". Ukungu wa mahindi na karanga huzalisha aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 huko Ukambani na maeneo ya jirani mwaka 2004 kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi zaidi, kwa sababu hula unga ule ule kila siku, asubuhi na jioni. Kusonga ugali au kupika uji hakuiondoi. Joto la jikoni halifiki kiwango cha kuivunja. Hushambulia ini: mbwa hukonda, hutapika, macho na fizi zikawa za manjano, kisha hutoka damu puani au kwenye choo. Ikifikia manjano, wengi hawaponi.

Unyevu wa pwani unaharibu unga upesi. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na unga ununuliwe wa wiki mbili tatu, si wa miezi. Unga wenye donge, harufu ya uvundo au rangi ya kijivu usimpe. Ule ambao mtu hali, mbwa naye asile. Uji wa wimbi uliopikwa kwa unga mzuri, bila sukari, ukapoa, ni kiamshakinywa kinachomfaa, kikombe kimoja. Ukitiwa karanga, karanga ziwe za kuchaguliwa kwa mkono, bila zilizosinyaa na zenye madoa.

Yai, samaki na matunda

Yai lililoiva ni zuri kuliko chochote kilichotajwa mpaka hapa. Moja kwa siku linatosha. Bichi lina hatari ya salmonela, na ute wake ukiliwa kila siku huzuia vitamini ya biotini.

Samaki awe ametokoswa na miiba yote imetolewa kwa vidole, si kwa macho. Miiba ya changu na tafi waliokaangwa hukauka ikawa sindano. Ng'onda na papa mkavu ni chumvi tupu: chumvi gramu 2 kwa kilo, gramu 30 kwa mbwa wetu, inatosha kumtia kifafa, na mbwa asiye na maji ya kutosha huumia kwa kidogo zaidi. Anayetembea na mbwa ufukweni Silversands au Mayungu amwangalie na bunju waliotupwa na wavuvi. Sumu yao haiondoki kwa jua wala kwa moto, na haina dawa ya kuitengua.

Ndizi, papai lililotolewa mbegu, tikiti bila kokwa, nanasi bila ganda, vyote ni salama kwa kipande kimoja viwili. Embe ni salama, kokwa yake si salama. Msimu wa ngowe na boribo kokwa hulala chini ya kila mti, zina utamu, na mbwa huzimeza. Kokwa iliyokwama kwenye utumbo haitoki bila kisu. Kokwa ya parachichi ni hivyo hivyo. Tende itolewe kokwa, na iwe moja.

Meza ya hotelini

Makombo ya kiamshakinywa cha hotelini hupelekwa kwa mbwa kwa ndoo, na ndani mna vitu viwili ambavyo jiko la nyumbani kwa kawaida halina. Makadamia, kwanza. Punje nne au tano zimeripotiwa kutosha kumlegeza miguu ya nyuma mbwa wa uzito huu. Anatetemeka, anashindwa kusimama, ana joto. Hutisha sana kuona, ingawa kwa kawaida hupona ndani ya siku mbili. Korosho za hapa kwetu hazina sumu hiyo, tatizo lake ni mafuta na chumvi.

Cha pili ni kibaya kuliko vyote katika makala hii: zailitoli, utamu unaotiwa badala ya sukari kwenye jamu, siagi ya karanga, peremende, bazoka na dawa ya meno "zisizo na sukari". Kwenye lebo tafuta neno xylitol au namba E967. Mwili wa mtu hauna shida nayo. Kongosho la mbwa huidhania sukari, likamwaga insulini nyingi kwa ghafla, na sukari ya damu ikaporomoka ndani ya dakika 10 hadi 60. Gramu 0.1 kwa kilo inatosha kwa hilo, yaani gramu moja na nusu kwa mbwa wetu, ambayo inaweza kupatikana kwenye vipande viwili vya bazoka. Ikifika gramu 0.5 kwa kilo, ini nalo huweza kufa. Mbwa wa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari yuko karibu na bidhaa hizi kuliko wengine.

Kiasi

Mbwa wa kilo 15 anahitaji kalori kama 850 kwa siku. Vitu vya mezani visipite sehemu moja ya kumi, kalori 85. Yai moja ni 70 na kitu. Ndizi moja ni 100. Hamri moja linaweza kufika 200. Kwa hesabu hiyo, mbwa anayepewa mahamri mawili kila asubuhi amekula karibu nusu ya siku yake kwa ngano na mafuta kabla jua halijapanda, ndipo watu wakashangaa kwa nini amenenepa na nywele zimefifia.

Akishakula kisichofaa

Wengi hukimbilia maziwa. Maziwa hayatengui sumu yoyote iliyotajwa hapa, na mafuta ya kupikia ndiyo mabaya zaidi. Maji ya chumvi ya kumtapishia yameua mbwa ambao sumu ya kwanza isingewaua. Kutapisha kuna faida ndani ya saa moja au mbili za mwanzo tu, na ni kazi ya daktari mwenye sindano yake. Mbwa anayetetemeka, aliyelegea au aliyevimba tumbo hatapishwi kabisa.

Kitu kimoja unachoweza kufanya nyumbani ni kwa zailitoli: akiwa macho na anaweza kumeza, mpake asali au sukari iliyolowa kwenye fizi, huku gari likiwashwa. Asipoweza kumeza, mpake kidogo sana kwenye fizi tu, usimimine kitu kinywani.

Piga simu kabla ya kuondoka. Sema uzito wake, alichokula, kiasi, na saa. Beba pakiti au lebo, na kama ametapika, chukua matapishi kwenye mfuko. Uwe na namba ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya tangu sasa, na ya ofisi ya mifugo ya Malindi, na umwulize daktari wako mapema anapokea wagonjwa usiku au la. Kama hapokei, kliniki inayofuata huenda ikawa Mombasa, kilomita 120, na kwa donge la mahamri au zailitoli huo ni mwendo mrefu. Tafuta wa pili aliye karibu.

Alichokula kikiwa ni kitunguu, usiridhike kwa kumwona mzima jioni hiyo. Muombe daktari ampime damu siku hiyo, kisha ampime tena siku ya 3 na ya 5, na wewe uangalie fizi na mkojo wake kila asubuhi mpaka wiki ipite.